Sukutua Mara Tatu

Maji yalianza kunuka siku ya nne baada ya Idi ya kuchinja, saa ya Adhuhuri, jua likiwa limesimama juu ya kilima cha Zagaj na kuku wamejilaza vumbini. Rukija alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, birika la shaba ubavuni. Akanuia, akasema Bismillahi, akanawa viganja, kisha akajaza kiganja cha kulia na kukipeleka mdomoni. Hapo pua ikamsimamisha.

Ilikuwa harufu ya utumbo. Si utumbo uliopikwa kwa kitunguu saumu na siki, ambao Rukija aliupika vizuri kuliko wanawake wote wa mtaa wa juu, bali utumbo kabla haujaguswa na kisu: majani yaliyosagwa tumboni mwa kondoo, nyongo, mafuta ya uvuguvugu, na chini ya yote hayo ule utamutamu wa kitu kilichoanza kuharibika. Alimwaga yale maji, akasugua birika kwa majivu, akateka mengine bombani. Yakanuka vilevile.

"Aldijana!" aliita. "Njoo unuse hapa."

Mkwewe akatoka jikoni, simu mkononi. "Ninuse nini, Mama?"

"Maji."

Aldijana akainamisha pua. "Hayana kitu."

"Nusa vizuri. Pua si pambo."

Aldijana akainua birika, akagugumia funda zima, akajifuta mdomo. Rukija aligeuza uso haraka ili asitapike.

"Maji matamu haya," alisema mkwewe. "Umekaa kwenye upepo wa mlango tena. Nimekwambia, mlango wa mbele na wa nyuma ikiwa wazi, upepo unakupita kichwani."

Katika nyumba ile upepo wa milango miwili ulilaumiwa kwa kila kitu, kuanzia jino hadi talaka. Aldijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka thelathini na tano na hakuwa akisali, sawa na wengi wa rika lake kule Bosnia. Ramadhani alifunga siku ya kwanza, ya ishirini na saba na ya mwisho, akaona amemaliza kazi. Mumewe Midhat, mwana wa pekee wa Rukija, alisali Idi mbili na kwenye mazishi. Aliyesali katika nyumba ile alikuwa Rukija peke yake.

Wala hakuwa mtu wa kutishika upesi. Aliyachukua maji yaleyale, akapikia kahawa, akanywa, ilikuwa kahawa. Akaoshea vikombe; vikatoka safi. Kisha akarudi kigodani, akakunja mikono ya gauni, akanuia udhu, na harufu ikapanda mara moja, nzito kuliko mwanzo. Ndipo alipojua kwamba uvundo ule ulikuwa unangoja nia yake.

Siku hiyo alitia udhu kwa kuziba pumzi, akasukutua mara moja badala ya tatu, akatema upesi na kusali mbiombio.

Kulikuwa na sababu ya yeye kung'ang'ania. Wakati wa vita Midhat alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mstari wa mbele, na kwa miezi mitano hakurudi wala hakuleta habari. Rukija, ambaye mpaka siku hiyo alisali pale alipokumbuka, alipiga magoti kwenye ghala la viazi chini ya nyumba, mabomu yakitikisa vumbi kutoka darini, akasema: Mungu, nirudishie mwanangu, nami sala yako siiachi mpaka uniite. Midhat akarudi, amekonda, ana chawa, lakini mzima. Tangu siku hiyo ilipita miaka ishirini, na Rukija hakuwa amekosa hata sala moja. Alisali akiwa na homa, alisali siku aliyomzika mumewe. Ahadi ilikuwa ahadi, na mtoto alikuwa pale mezani kila jioni, anakula.

Siku ya tano, maji yakawa mazito. Alipoyachukua kwa kiganja yalivutika, yakaacha uzi wa ute kati ya vidole vyake. Siku ya sita akakuta unywele kati ya meno, mfupi, mgumu, mweupe, wa mnyama. Na siku hiyohiyo, alipokuwa amekaa na birika mapajani akijikaza, alisikia mtu anakula. Sauti ilitoka chini ya upenu wa nyumba, upande ule bomba la maji ya mvua linaposhukia ardhini. Ilikuwa sauti ya kutafuna kwa mdomo wazi, kwa raha, na kumeza, na baada ya kumeza kucheua. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta mweupe, jua, na unyevu mdogo ardhini ambao haukukauka ingawa mvua haikunyesha tangu Idi.

Siku ya saba akaanza ujanja. Alichukua tofali safi, akapiga viganja juu yake, akapangusa uso na mikono. Tayamamu. Alijua wazi kwamba tayamamu ni ya asiye na maji au mgonjwa, na kwamba bombani kwake maji yalikuwa yanatiririka. Akajisemea kwamba Mungu anaona. Baadaye akaona tofauti si kubwa akichelewesha Adhuhuri kidogo. Halafu Alasiri. Wazo lilimjia bila kelele, tena kwa sauti yake mwenyewe, ya upole na yenye akili: Bado mapema. Wakati ni mpana, Rukija. Mungu hapendi mja wake achafuke. Pumzika kidogo, utasali ukiwa umetulia.

Siku ya tisa alijinyoosha kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, na alipofumbua macho mwadhini alikuwa anaadhini Magharibi.

Alasiri ilikuwa imepita. Alikaa kitako. Nyumba ilinukia mkate wa moto, ingawa hakuna aliyeoka. Uani kimya, hakuna anayetafuna. Goti haliumi. Alikuwa amelala vizuri kuliko wiki yote, na mwili ulikuwa mwepesi, na hakujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Midhat aliingia wakati huo kutoka kiwanda cha kupasua mbao, akavua viatu mlangoni, akarusha glavu mezani huku anacheka. "Tazama, Mama. Saa kumi hivi. Msumeno umechukua kidole cha glavu, changu umekiacha. Nilihisi hewa tu."

Glavu ilikuwa imekatwa kidole chake cha shahada, safi. Rukija aliichukua, akaitazama, akairudisha mezani polepole. Saa kumi ndiyo ilikuwa saa yake ya Alasiri.

"Usiniangalie hivyo," alisema Midhat. "Mbona nimepona?"

Mama yake alikwenda bombani kutia udhu ili alipe sala iliyompita, na huko uani, mwanga wa mwisho ukiwa bado uko kwenye vigae vya paa, sauti ya chini ya upenu ilisema naye kwa mara ya kwanza waziwazi, sauti ya mtu anayezungumza huku ana tonge mdomoni, mate yakimtoka.

"Rukija. Niachie sala. Nakuachia mwana."

Na ikaendelea kutafuna.

Alisali usiku huo kwa udhu wa kulowesha vidole na kupangusa tu, na asubuhi, Midhat alipokwenda kazini, alimwambia Aldijana amlete Tidža.

Tidža alikuwa bibi wa miaka themanini, mwembamba, mvutaji wa sigara asiyepumzika, na kazi yake ilikuwa kumwagia watu risasi iliyoyeyushwa ili kuwaondolea hofu. Risasi yenyewe aliichimbua ukutani mwa nyumba yake baada ya vita. "Walinipigia bure," alipenda kusema, "na mimi nawapigia wengine." Alimkalisha Rukija sebuleni, akamfunika shela jekundu kichwani, akamwamuru Aldijana ashike beseni la maji juu ya shela.

"Shika sawasawa, binti. Ukitetemeka utamtia mkweo kipara."

Risasi ikamwagika. Maji yakapiga kelele, mvuke ukapanda. Mara tatu, na kila mara Tidža akisoma kwa midomo tu. Kisha akatoa kipande majini, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na mzaha ukamtoka usoni.

"Taya," alisema kwa sauti ya chini. "Haya meno. Huu ulimi." Akamgeukia Rukija. "Ulimwaga nini, wapi, na ulisahau kusema nini?"

Rukija akaondoa shela. "Maji ya kusafishia utumbo. Siku ya Idi. Goti lilikuwa linaniuma, sikuweza kufika mtaroni."

"Ukamwaga wapi?"

"Chini ya upenu."

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Bismillahi?"

Rukija akamtazama mkwewe kwa aibu. "Nilikuwa namgombeza huyu. Alikuwa anatembea kwenye vigae bila soksi. Nilikuwa namwambia tumbo la uzazi litapoa."

"Kweli," alinong'ona Aldijana. "Alikuwa na ndoo mkononi, na mdomo wote ulikuwa kwangu."

Tidža akawasha sigara. "Basi ulimmwagia jini mezani, shoga. Alikuwa anakula chakula chake cha mchana na watoto wake, ukamtupia mavi ya kondoo kwenye sahani. Sasa anakulisha kilekile."

"Nimwombe radhi?"

"Ukimwomba radhi leo, kesho atakuomba kiti. Mwombe radhi yule uliyesahau kumtaja. Huyu radhi haitaki, anachotaka ni sala. Nyumba isiyo na sala anaingia kwa mlango wa mbele na kuvua viatu."

Rukija akainama, akasema kwa sauti ambayo Aldijana ilimbidi asogee kuisikia. "Amesema nikimwachia sala ataniachia Midhat. Jana msumeno ulimkosa kidogo tu. Tidža, mimi nimebaki na huyo mmoja."

Bibi akaizima sigara ingawa ilikuwa bado ndefu. "Midhat ulirudishiwa na nani?"

"Mungu."

"Basi huyu anakuuzia ng'ombe wa jirani. Ni tapeli, anachonga domo." Akaanza kufungasha vitu vyake. "Imamu atakwambia risasi hii ni upuuzi, na nusu ya neno lake ni kweli. Risasi inaonyesha tu, haitoi kitu. Kutoa ni kazi yako. Leo Alasiri utatia udhu wote. Panapotakiwa mara tatu, iwe mara tatu. Usizibe pumzi, usiteme upesi. Ukikimbia tena, hutarudi bombani, nakwambia mimi."

Alasiri ilipoadhiniwa, Rukija aliketi kigodani, jua kali likimpiga mabegani. Aldijana alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Yeye aliona mwanamke na birika na maji safi. Rukija alinuia, na harufu ikaja kwa kishindo kiasi kwamba macho yalimtoka machozi, na kile kilichomiminika birikani, kwa macho yake, kilikuwa cha kijani na kahawia, kina povu, kina vipande laini vyenye vinyweleo vinavyoteleza kati ya vidole.

"Bismillahi," alisema.

Akasukutua. Kilikuwa cha uvuguvugu. Alikizungusha mashavuni, kushoto na kulia, akahisi kipande kidogo kikijibandika chini ya ulimi na kutikisika peke yake, akatema. Mara ya pili akahisi vinyweleo kwenye fizi. Mara ya tatu alikishikilia mdomoni hadi akamaliza kukizungusha, akatema, na chini ya upenu mlaji aliacha kutafuna.

"Mwana," ilisema sauti, bado ina tonge. "Msumeno bado unazunguka, Rukija. Yuko pale sasa hivi. Ameinama."

Mikono yake ikasimama hewani. Hakika alikuwa pale. Ilikuwa ndiyo saa yenyewe. Alimwona Midhat kwa macho ya moyoni, shingo yake nyembamba vile alivyorudi kutoka vitani, na akawa tayari kuinuka, kumwaga lile birika, kulala kwenye kochi na kunusa mkate maisha yake yote, mradi mtoto arudi na vidole kumi. Alilia kwa sauti. Kisha akajaza kiganja, akakipeleka puani.

"Si wewe uliyenipa," alisema.

Akavuta. Uchafu ule ulimpanda puani hadi nyuma ya macho, mara moja, mara mbili, mara tatu, akapenga, akanawa uso kwa majimaji ya nyongo hadi nyusi zikagandana, akanawa mikono hadi viwikoni, akapaka kichwa, akapitisha vidole masikioni na kuhisi humo kitu kikijikunja, akaosha miguu, kidole kwa kidole, bila kuruka hata kimoja, akaingia ndani akinuka kwa pua yake mwenyewe mithili ya machinjio ya wiki iliyopita, akatandika mswala, akafunga sala. Na aliposujudu, paji la uso halikukuta sufu bali kitu chenye joto na unyevu, chenye vijitundu vya pembe sita kama tumbo la kondoo lililogeuzwa nje, na kitu hicho kilikuwa kinapumua, kinapanda na kushuka chini ya uso wake, kinamnyonya ngozi ya paji polepole, na kila aliposema Subhana kililia gwaa, na kila alipotaka kuinuka kabla ya wakati alikumbuka ghala la viazi na vumbi la darini, akabaki hapo, akasema mara tatu, akainuka, akasujudu tena, rakaa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka akatoa salamu kulia na kushoto.

Alifika uani kwa kutambaa. Alitapika chini ya mti wa tofaa, na kilichotoka kilikuwa kipande kimoja cha utumbo, kijivu, chenye ukubwa wa ngumi, kibichi, ingawa hakuwa ameonja nyama tangu siku ya tatu ya Idi. Safari hii Aldijana alikiona. Kuku wote wakakimbia. Kuku wale waliokula hata sabuni.

Simu ya Aldijana ikalia mfukoni. Wote wawili waliruka. Alikuwa Midhat.

"Mwambie Mama nitachelewa," alisema. "Mkanda wa msumeno umekatika wenyewe, tumezima mashine. Hakuna aliyeumia. Halafu muulize, kuna harufu gani ya utumbo huku kiwandani? Tumefungua madirisha yote."

Walikizika kipande kile kwa Bismillahi, mbali, nje ya uzio. Siku iliyofuata unyevu chini ya upenu ulikuwa umekauka. Maji ya udhu yakawa maji, na Rukija alisukutua hadi mashavu yakamuuma, kwa furaha tu.

Wiki tatu zikapita. Jemu ya plamu ilikuwa imeshatiwa chupani, asubuhi zilikuwa na baridi, na siku moja kabla ya Adhuhuri Aldijana alitoka uani na mikono ya sweta imekunjwa. Alivaa soksi. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani vibaya, mafundo mawili.

"Mama," alisema, akitazama pembeni. "Tangu siku ile najifikiria. Nifundishe. Ila usinicheke."

Rukija hakucheka. Machozi yalimlengalenga. Alimkalisha kigodani, akashika birika mwenyewe ili ammiminie, jambo ambalo hakumfanyia mtu tangu mumewe alipofariki.

"Nia kwanza," alisema. "Moyoni. Haya, Bismillahi. Viganja. Sasa kinywa."

Aldijana akajaza kiganja, akakiinua, akasita. Pua yake ikakunjamana. Rangi ikamtoka usoni.

"Mama," alinong'ona. "Haya maji umeyatoa wapi?"

Rukija akaunusa mdomo wa birika. Yalikuwa maji baridi, safi, ya mlimani, hayana kitu. Na nyuma yao, chini ya upenu, mtu alimeza.

Alimtazama yule binti aliyekuwa anamng'ang'ania gauni kwa mkono mmoja, na huruma ikamjaa, na pamoja na huruma likaja neno jepesi, la upole, kwa sauti yake mwenyewe: Mwambie kesho. Mwenzio bado mgeni. Neno lilimfika hadi ncha ya ulimi, na hapo akalitambua.

Akamshika mkono, akauinua hadi mdomoni.

"Sukutua, mwanangu," alisema. "Mara tatu. Niko hapa."